Kisahani cha Upande wa Kulia

Gari la daktari wa ng'ombe liliposhushwa kwenye jeki, lililalia upande wa dereva kama mtu aliyeshikwa na jino. Mama Springi alilizunguka mara mbili, spana mkononi, asiamini macho yake. Miaka thelathini na moja alikuwa chini ya magari ya watu, na hajawahi kushusha gari likakaa mshazari.

"Mama," daktari alisema, "mimi nilitaka linyanyuke. Mbona linanipigia goti?"

Watu wa gereji za jirani wakacheka. Aliyecheka zaidi ni mpiga rangi, maana yule kazi yake kubwa ni kucheka, rangi anapaka akipata nafasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari alikuwa anazunguka kwa wafugaji, njia za mawe na makorongo, na tumbo la gari lilikuwa linagota kila mahali. Ofisi yake haikutaka hata kusikia habari ya springi mpya zinazouzwa kwa seti. Mama Springi akamwambia hamna haja ya seti. Nyuma, kwenye springi za majani, ataongeza jani moja kutoka kwenye rundo lake. Mbele, kwenye springi za kujiviringisha, juu ya kila moja ataweka kisahani cha chuma, na gari litapanda vidole viwili. Visahani vitakerezwa hapo ng'ambo ya barabara, kwa shemeji yake.

Huyo shemeji, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye Mkereza. Mtu wa maneno machache, mashine yake inaongea kuliko yeye. Alivuka mwenyewe akalipima gari, akaona hata kabla ya kazi limelalia kulia kidogo. Kwa hiyo kisahani cha kulia alikikereza kinene kuliko mwenzake, labda kwa unene wa sarafu. Akavileta vimefungwa kwenye gazeti, kila kimoja na gazeti lake.

"Shemeji, havilingani hivi. Nimeviandika."

"Nimeona," alijibu Mama Springi, na alikuwa hajaona kitu, maana alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje.

Sasa hapa pana neno ambalo halisemeki kwa raha, lakini lisiposemwa habari haiendi. Mama Springi shule alikaa miaka miwili. Herufi alizijua moja moja, kama unavyowajua watu wa sokoni kwa sura. Zikishikana mikono zikawa neno, zinampotea. Na mtaa mzima hakuna aliyejua, au ndivyo alivyoamini. Karatasi ikija, alikuwa anasema, "Nisomee wewe, mimi mikono ina grisi." Nani atabisha? Mikono yake lini imekosa grisi?

K aliijua vizuri. K ni ya kulia. Akafungua gazeti la kwanza, akaona K imegongwa kwenye chuma, akakipeleka kulia. Cha pili hakukitazama hata kidogo. Cha kutazama nini, wakati upande umebaki mmoja? Akakibana juu ya springi, akarudisha shokapu, akakagua mipira ya breki isije ikavutika gari likipanda. Yote aliyafanya kwa mpango. Ndiyo maana gari lilipopiga goti, hakuwaza kabisa kwamba kosa linaweza kuwa lake.

Alivuka barabara hivyo hivyo na spana yake, watu nyuma kama wanakwenda harusini. Mkereza alikuwa na wateja wawili.

"Shemeji! Iliyolewa ni mashine au ni wewe?"

Mkereza akazima mashine. "Kuna nini?"

"Njoo uone gari ulivyolifanya. Umepima kwa macho ya nani?"

"Nilipima, shemeji. Nikarudia."

"Umerudia kukosea! Kaka yako angekuwepo angekufa tena kwa aibu."

Maneno hayo aliyasema yeye, kwa kinywa chake, mbele za watu. Mkereza alimtazama, akalitazama gari kule ng'ambo, akalitazama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akafuta mikono.

"Nitakereza vingine," alisema.

"Jamani," mpiga rangi akadakia, "huyu tena si Mkereza. Huyu ni Bwana Mshazari!"

Kicheko kikapanda hadi barabarani. Mmoja wa wale wateja wawili alichukua chuma chake taratibu, akaaga kwamba atapita siku nyingine. Mama Springi aliona. Na moyoni alisema: amejitakia.

Kesho yake mchana jina lilikuwa limeshafika kona ya mwisho. Mshazari, nipe moto. Mshazari, mbona unatembea umenyooka? Mkereza akawa anaitika kama jina lake la kuzaliwa.

Siku ya tatu alileta visahani vipya, akaviweka juu ya benchi, akarudi kwake. Daktari akaleta gari. Mama Springi akainua mbele, akaweka vigogo, akatoa magurudumu, akatoa springi zote mbili. Vile visahani vya zamani akavirusha kwenye benchi, pembeni ya vipya, na vilipokaa pamoja ndipo macho yake yakasimama.

Vya zamani na vipya vilikuwa sawasawa. Kinene kwa kinene, chembamba kwa chembamba. Na kinene cha zamani ni kile alichokitoa sasa hivi upande wa kushoto.

Alivigeuza. Kimoja kimeanza na K. Cha pili nacho kimeanza na K. Akaweka kidole, akahesabu herufi, midomo inatembea kama mtoto. Kimoja tano. Kingine saba. KU, na KU. Vichwa vyao vimefanana kama mapacha, na yeye alikuwa amesalimia kichwa tu akaondoka.

Vipya havikuwa na herufi hata moja. Kile kinene kilikuwa kimechorwa duara, na ndani yake mistari mitatu. Usukani. Upande wa dereva. Kile chembamba hakikuwa na kitu.

Mama Springi alikaa kwenye tairi. Daktari akamwuliza, "Vipi mama, kuna kilichovunjika?" Yeye akakiokota kile kinene kipya. Alikuwa anauangalia ule usukani. Basi shemeji yake anajua. Alijua tangu alipolitazama gari kwa mbali siku ile, au pengine tangu zamani sana, tangu kaka yake yuko hai. Angeweza kusema neno moja tu mbele ya watu wale, "Hebu shemeji, tusomee kilichoandikwa," na mchezo ungeishia hapo. Hakusema. Akachukua jina la Mshazari akalivaa, akaenda nalo kazini siku tatu. Uso wa Mama Springi ukawaka, na masikio, hadi shingoni ndani ya kanga.

Alizifunga springi, akashusha gari. Likasimama sawa kama meza. Daktari akafurahi, akasema, "Kumbe mkereza akikaza anaweza!"

Hapo angeweza kunyamaza, na alitaka kunyamaza, Mungu anajua.

"Hakukosea," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Unasemaje, mama?"

"Nasema hakukosea!" Na alipopaza sauti gereji zote zikageuka. "Vya kwanza vilikuwa sawa. Nilivipishanisha mimi."

Mpiga rangi akaja na brashi yake. "Ah, mama, usimtetee kwa sababu ni shemeji. Viliandikwa, nimeviona mimi mwenyewe hapo benchi. Kulia, kushoto. Utapishanishaje?"

Mama Springi alitazama chini, kwenye mafuta na misumari. "Viliandikwa," alisema. "Kusoma ndio sijui."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Ng'ambo, mashine ya Mkereza ilikuwa inaunguruma. Mama Springi alivuka, akasimama mlangoni. Yaliyomtoka hayakufanana na aliyopanga.

"Na lile neno la kaka yako," alisema, "lile nalirudisha."

"Limerudi, shemeji," Mkereza alisema. Mashine hakuizima.

Lakini jina halikurudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita, watu wanajua kisa chote na bado wanaita Mshazari, kwa upendo wanasema. Siku moja akaja mgeni, kijana wa lori, akasimama mbele ya Mama Springi.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwa Mshazari."

"Marahaba. Hakuna Mshazari hapa."

"Yule wa mashine ya kukereza."

Aliinuka, magoti yakilalamika, akampeleka mwenyewe. Njia nzima akamweleza: kisahani kinene, kisahani chembamba, herufi tano, herufi saba, nani alimwita nani mlevi, na nani hajui kusoma. Kijana alisikiliza kwa adabu hadi mlangoni.

"Pole, mama," alisema. "Ila mimi nilikuwa nataka kukerezewa bushi tu."