Nani Atamrithi Kobe wa Bibi

Enzi zetu Mutrah, Omani, baridi ilikuja mara moja kwa mwaka. Ilibisha hodi na upepo wa kaskazini, ikakaa wiki chache, ikenda zake. Wenyeji waliifurahia. Sisi tuliotoka Unguja juzi tulijifunika mablanketi hadi puani na kubanana jikoni kama paka. Majirani walitucheka: hii nayo ni baridi? Nendeni mlimani Jabal Akhdhar mkaone maji yanavyoganda. Baba akawajibu kuwa hana haja ya kwenda kuona, anaamini tu.

Bibi, mama yake Baba, alifika na makapu mawili. Moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na kobe. Bangili zake za fedha zilibaki Unguja, sufuria zake za shaba zilibaki, kobe akaja. Marehemu Babu ndiye aliyemwachia, akamuusia mnyama yule asife kwa kutupwa. Tulimwita Sheha, kwa sababu alitembea kama mkubwa wa mtaa asiye na kazi ya haraka, na hakukosa chakula cha nyumba yoyote.

Sasa, kobe wa Unguja baridi ataijulia wapi? Mwaka wa kwanza alijikunja ndani ya gamba, hakutoka. Shangazi Zuwena akasema innalillahi, akatia kahawa jikoni. Majirani wakaja kumpa Bibi pole, wakakaa mkekani, wakazimaliza tende. Ndipo Sheha akatoa kichwa, akawatazama mmoja mmoja kama anayewauliza mmefuata nini. Tende hakuna aliyezirudisha.

Tangu siku ile Bibi akawa na wasiwasi mmoja tu. Kobe huishi kuliko watu. Yeye akifa, nani atamvusha Sheha baridi moja baada ya nyingine? Ijumaa moja, tulipomaliza wali na mchuzi wa papa, akawauliza watoto wake wawili. Baba, aliyependa kufafanua mambo, akasema kobe ni mali kama mali nyengine, atagaiwa kisheria.

"Mgae basi, Seif," Bibi akamwambia. "Wewe mwanamume fungu lako mara mbili ya dada yako. Mafungu matatu, miguu minne. Haya, na gamba nani atalivaa?"

Baba akaomba maji ya kunawa.

Basi Bibi akatugeukia sisi wajukuu, mimi na Khalfan wa Shangazi Zuwena. Atakayejua kumlea Sheha baridi hiyo ndiye atakayemrithi. Khalfan ataanza, kwa kuwa mkubwa.

Khalfan alikuwa na moyo mzuri, ila hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Alimvisha Sheha fulana ya sufu. Alimnywesha kahawa ya tangawizi. Mwisho akamtia chini ya lile tenga la vijiti ambalo mama zetu walitandaza nguo juu yake kuzifukiza udi, chetezo kikiwaka pembeni. Sheha akaamka ananukia kama biharusi, akapiga hatua mbili tatu kwa kishindo, kisha akaanguka kifudifudi. Bibi akamnyang'anya kobe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akavua kobazi. Khalfan alikuwa kashafika kwa jirani.

Hapa nieleze, kwa faida ya atakayeachiwa kobe siku moja. Kobe hapashwi moto kama chapati. Ukimwamsha ghafla, macho yanaamka na tumbo bado limelala, halafu hana nguvu ya kula wala ya kurudi usingizini. Anachotaka ni mahali pakavu pasipofika upepo, baridi isiyozidi wala kupungua, na watu wenye shughuli zao. Usiogope, si kazi ngumu. Ngumu ni kujizuia.

Mimi nilimtia kwenye sanduku la mchanga, stoo ya tende, nyuma ya magunia. Nikamwekea kisahani cha maji. Kila nikitoka chuoni kusoma Qurani nilipitisha kiganja juu ya gamba, basi.

"Unalea jiwe," Khalfan alinambia. Na kila siku akaniuliza jiwe langu limefika sura gani.

Nilicheka mbele yake tu. Nilitamani kumtikisa, nijue tu kama yuhai. Nilikaa juu ya mikono yangu mwenyewe.

Joto lilipoanza kurudi, tulikuwa uani tukicheza mdako. Akatokea Sheha mlangoni mwa stoo, gamba limejaa asali ya tende, nyuma yake msururu wa sisimizi kama anawaongoza harusini. Bibi alicheka hadi akashika ukuta.

"Nnakupa wewe," akanambia. "Si kwa kuwa unamjua sana. Kwa kuwa umemwacha."

Leo niko Ghubra, hapa Maskati, na Sheha yupo, na mimi ndiye ninayekohoa. Kinachonishangaza, siku hizi analala mwezi wa Julai. Nje jua linakaanga samaki, ndani wajukuu zangu wamefungulia kiyoyozi mpaka wanavaa majaketi. Sisi joto likizidi tulilowesha mashuka tukalala darini. Hawa wananunua baridi, kisha wananunua jaketi.

Nikawaita, nikawauliza nani atamchukua Sheha. Salim akataka kumfungia kamera, amwone kwenye simu akiwa kazini. Mwengine akaagiza taa ya joto kutoka mtandaoni. Wakabishana, wakampiga picha, Sheha akazidi kujikunja.

Raya, mdogo wao, akawapenya katikati. Alimnyanyua, akafungua mlango wa uani, akamweka kivulini, karibu na jua.

"Tumuache, Bibi," akasema. "Katuchoka."

Ndugu zake wakapiga kelele kuwa anaingiza joto. Hakuufunga. Kobe akatoa kichwa, nami nikapata usingizi wangu wa mchana, mlango wazi, kama zamani.