Sambaza walioshuka na maji

Wajukuu zangu nimewakataza miaka mingi kulitaja jambo hili mbele ya wageni, na leo nalisema mwenyewe, maana kila anayelisimulia anaongeza samaki. (Mmoja amefika ndoo nzima. Uongo. Walikuwa viganja viwili.)

Ilikuwa mwaka wa tisini, kabla ya vita. Mjukuu wangu Zaina alikuwa ameposwa na fundi cherehani wa hapa hapa kwetu Rwezamenyo, Kigali, kijana wa Ijwi, kile kisiwa cha milima katikati ya Ziwa Kivu, nami nikasema simtoi mtoto kwa watu ambao sijawaona kwao. Tukapanda basi mpaka Kibuye, tukapanda boti, na njia nzima namfunza Zaina adabu: ukweni mtu hali, ukiletewa chakula unasema umeshiba, mwanamke mzima kuonekana anatafuna mbele ya wakwe ni aibu.

Kumbe mwenye njaa ni mimi. Walileta ugali wa muhogo na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wamekaangwa wakakauka vizuri, wananukia mpaka mate yananijaa, nami nikakaza uso nikasema, "Asanteni, tumeshiba tangu Kigali." (Na Kigali tulitoka alfajiri!) Bibi wa yule kijana, mwanamke mzee mrefu anayeitwa Mama Furaha, naye hakugusa kitu, ananitazama tu, nikajua ananipima. Basi walipotoka kututafutia fimbo za kupandia mlima, maana walitaka kutuonyesha maporomoko yao ya maji, nikachota sambaza nikawafunga kwenye pindo la kitenge. Nikaona ni jambo dogo.

Mlima ule umesimama kama ukuta. Wenzangu wanasifu ziwa linavyong'aa chini, wanahesabu visiwa, mimi nasikia harufu ya pindo langu tu. Na mbwa wao akawaacha watu wote akanifuata mimi, hatua kwa hatua, mpaka baba wa kijana akasema, "Mama mkwe, huyu mbwa hapendi wageni, lakini wewe amekupenda!"

Nikamjibu, "Mbwa anajua mtu mwenye heshima."

Kwenye maporomoko wao wakabaki chini kunawa uso, mimi nikasema napanda juu kutafuta mahali pa kuswali (Mungu anisamehe). Nikakaa kwenye jiwe kando ya mto, nikafungua pindo, na kabla sijatia hata mmoja mdomoni yule mbwa akanirukia, nikainuka, mguu ukateleza, nikakaa kitako ndani ya maji mpaka kiunoni, na sambaza wote wakaenda, wakafika ukingoni mwa maporomoko, wakashuka.

Kisha nikasikia kutoka chini sauti ya baba wa kijana: "Yewe! Samaki! Tangu nizaliwe maji haya hayajatoa samaki!" Akamwonja mmoja. "Na huyu amekaangwa. Ana chumvi!"

Halafu kicheko cha Zaina, kile cha kushika mbavu. Mwanafunzi wangu wa adabu! Nikakaa mtoni nikasema moyoni, nimemharibia mtoto ndoa yake.

Mara namwona Mama Furaha anapanda, peke yake, nikajua amekuja kurudisha maneno ya posa. Akanitazama nilivyolowa, akakaa kwenye jiwe langu, akafungua kitenge chake: bonge la ugali.

"Mama, mimi iko na njaa tangu asubuhi juu yako," akasema. "Mgeni amekataa, mwenyeji atakula namna gani? Leta hao sambaza."

"Wamekwisha."

"Wote? Mharibifu wewe!"

Tukala ugali mkavu, wazee wawili tumejificha nyuma ya jiwe, tunacheka mpaka tunapaliwa, na kitoweo chetu kinaliwa chini na wakwe.

Tangu siku hiyo nikikaribishwa chakula, kwa mkwe au kwa nani, nanawa mikono kabla hawajarudia kuniita. Na siku ya harusi ya Zaina, Mama Furaha aliniletea kikapu cha sambaza wakavu, akakiweka mapajani mwangu mbele ya watu wote, akaniita mkwe mwenziwe kwa lugha ya kwetu, "Bamwana, hawa ni safi. Usiwaoshe tena."