Wasifu wa Mama kwa Kiingereza

Baba mkubwa alifundisha Kiingereza hadi akastaafu, na hadi leo simpendi. Siku mbili kabla ya kumzika mama, aliketi chini ya hema nyumbani kwetu Kakamega akasahihisha wasifu niliouandika. Wasifu wa marehemu, kwa kalamu nyekundu!

"Umeandika mama 'said me'," alisema kwa sauti, majirani wote wakisikia. "Na una digrii?"

Nikapewa somo palepale. Say hufuatwa na maneno yaliyosemwa, na ukitaka kumtaja aliyesikia, sharti utangulize to. Tell humtaka mtu moja kwa moja. Tena sala ni say, lakini uongo na hadithi ni tell, wala usiniulize kwa nini. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilikuwa nimeandika nikilia, na mtu anayelia hatafuti sarufi.

Nilimwomba tuusome wasifu kwa Kiswahili au Kiluhya, kwa sababu mama mwenyewe hakujua Kiingereza, wala dada zake. Alinikodolea macho kana kwamba nimesema tumzike bila jeneza.

"Kutakuwa na watu wa ofisi hapa. Unataka watuone washamba?"

Kisha akalikata jina la mama mdogo, lile la nyumbani ambalo Khwisero nzima humwitia. Eti si jina la kuandikwa kwenye karatasi. Juu yake akaandika "a younger sister." Nami nikaliacha hivyo. Nisijitetee: nilimwogopa mzee yule kama nilivyomwogopa nikiwa darasa la nne.

Siku ya mazishi nilisoma. Kwetu ukitajwa kwenye wasifu unasimama, waombolezaji wakuone. Kaka zangu walisimama. Binamu yetu wa Nairobi alisimama na miwani yake ya jua, na mama hakuwahi kupata hata simu yake alipougua. Nikafika kwenye aya ya mama mdogo, ndefu kuliko zote: jinsi alivyoacha shamba lake mwaka mzima, akamwosha mama, akamgeuza kitandani, akamlisha obusuma tonge kwa tonge. Nikangoja asimame. Aliketi tu mstari wa mbele, akinitazama kwa adabu. Ningeweza kulitaja jina lake. Baba mkubwa akanipungia mkono niendelee, nikaendelea, mjinga mimi, na kila say na tell ikiwa mahali pake.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama mdogo jikoni, bado amevaa kitenge kipya, akisugua sufuria. Hakuinua macho.

"Nilikuwa nangoja mniite nisimame," alisema. "Mwaka mzima mimi ndiye nilikuwa namlishanga. Sasa mwanangu, mbona mlinipita?"