Kle Yangu na Mlingoti wa Jirani

Wakati wa vita, jirani yangu wa hapa Saio alijibebea sanduku langu la vyombo vya kazi. Vita iliponyamaza nikamuuliza viko wapi. Akacheka kwanza, halafu akanijibu mbele ya watu: "Vyombo gani?" Mimi, fundi wa kinga, hizi baiskeli, wa miaka mingi, nikageuka nikarudi nyumbani. Lakini moyoni nilisema: utaniona.

Siku moja akaja kwangu mwenyewe. Alikuwa amepata mashua ndogo ya tanga kule Kasenyi, ziwani. Mlingoti wake ulishikwa na waya tatu za chuma, na zote zilikuwa zimelegea.

"Fundi, weye unajua kukaza reyo za gurudumu. Hii nayo iko vile vile."

Kweli, ni vile vile: reyo nazo ni waya tu. Unagonga waya kwa kidole, unasikiliza, unazungusha visi yake, ile skurubu ya kukazia, kidogo kidogo mpaka ya kushoto na ya kulia zilie sauti moja. Tulipofika ufukoni nikaomba chombo. Akanipa kle, spana ya kukazia visi. Mpini umefungwa kipande cha mpira wa kinga, na fundo ni la mkono wangu. Mungu wangu! Mshenzi huyu alikuwa amesahau hata alikoitoa.

Damu ikanipanda kichwani. Nikakaza waya zote, zikalia vizuri. Ila pale kushoto kuna pini ndogo inayozuia visi isijifungue. Hiyo nikaitia mfukoni. Upepo ungeitikisa ile visi polepole, katikati ya maji, na mlingoti ungemwangukia. Nilifurahi, sidanganyi.

"Iko bien, imekaza," nikamwambia. "Panda."

"Aa, fundi! Weye kwanza. Si ndiyo desturi yako?"

Ndiyo desturi yangu, Saio nzima inaijua: kinga haitoki kwangu kabla sijaipanda mwenyewe, mwenye nayo akiangalia. Nikasimama pale, mkono mfukoni.

Nikaitoa ile pini, nikasema ilikuwa imenianguka, nikairudisha mahali pake. Si kwa huruma, hapana. Mimi sijui kuogelea. Tukazunguka ziwani wote wawili, mlingoti umesimama wima, yeye anaimba, mimi namchukia tangu kwenda mpaka kurudi.

Tuliposhuka, wavuvi na wauza samaki walikuwa wamejaa ufukoni. Akanyoosha mkono.

"Fundi, leta kle."

Nikacheka kwanza.

"Kle gani?"