Injini kwenye Kichanja cha Zabibu

Mikono ya Shaibu, seremala wa Miyuji, ilijulikana kwa mambo mawili: milango isiyopinda, na ngumi. Aliwahi kumvunja taya mteja aliyeliita kabati lake sanduku. Ramadhani iliyopita ngumi hiyo ilimfikia binti yake mwenyewe, Ikram, sikioni. Mwantum, mkewe, akamwambia bila kupandisha sauti, "Siku nyingine ukimpiga mtu, yeyote yule, mimi na wanangu tunarudi Kondoa." Hakuwa mwanamke wa kusema jambo mara mbili.

Ndiyo maana injini ya gari lake ilipokufa, Shaibu hakwenda gereji. Aliogopa kugombana na mafundi kuliko alivyoiogopa kazi yenyewe. Alinunua injini nyingine iliyotumika, akaazima winchi ya mnyororo kwa jirani yake Yotham, akaanza mwenyewe uani, asijue hata bolti ya kwanza iko wapi.

Siku mbili alipigana na chuma. Bolti zilizoshikwa na kutu alizitwanga kwa nyundo mpaka vichwa vikafumuka. Spana iliteleza ikamchuna vidole hadi mfupa ukaonekana; akaipiga rejeta teke, ikapasuka. Mwantum alisikia yote hayo kutoka jikoni, akaendelea kupepeta mchele. Chuma si mtu.

Siku ya tatu alikuja Mudrick, mdogo wake Mwantum, kusaidia kuvuta. Tangu harusi, Mudrick hakuwahi kumwambia shemeji yake neno lisilo na mzaha.

"Shemeji, hapa umefungua gari au umechinja ng'ombe?"

"Shika mnyororo."

Winchi ilining'inia kwenye boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili za kichanja cha zabibu, ambazo Shaibu alizichimbia mwenyewe miaka tisa nyuma. Mudrick aliigonga nguzo moja kwa ncha ya kiatu.

"Hii mchwa wameshaimaliza. Limebaki ganda."

"Mchwa wako kichwani mwako."

"Seremala mzima hujui mti ulioliwa? Au ile milango anakuchongea dada?"

Maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine, Shaibu angeinama kutazama. Kwa kuwa yalitoka kwa Mudrick, alivuta. Injini ikang'oka, ikapanda taratibu ikidondosha oili, ikavuka bampa, nao wakalisukuma gari nyuma kidogo. Boriti ikalia. Mudrick akaachia mnyororo.

"Shemeji, ishushe. Safari hii sitanii."

Lakini alikuwa akitabasamu, maana uso wake haukuwa na mazoea mengine. Shaibu aliliona tabasamu tu. Spana ilikuwa mkononi, na mkono ukaenda. Ilimpata Mudrick juu ya jicho; akaanguka, miguu yake ikaishia chini ya injini, damu ikimjaa uso.

Hapo nguzo ikakatikia ardhini, kwa mlio mdogo kama wa muhogo mkavu. Shaibu alijitupa. Kwa mkono wa kushoto alimvuta shemeji yake kwa mshipi. Kwa wa kulia aliisukuma injini, kana kwamba mtu anaweza kuisukuma. Ilitua juu ya ukingo wa bampa, na mkono wake ukabaki katikati. Vidole vitatu vilisagika. Boriti ikampiga begani, mizabibu ikawafunika wote wawili.

Mwantum alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Alimwita Yotham, wakaiinua injini kwa jeki. Kisha akaipasua doti yake ya kanga: kwa kipande kimoja akaufunga mkono wa mumewe, kwa cha pili akakifunga kichwa cha mdogo wake.

Waliporudi kutoka hospitali, kesho yake asubuhi, Mwantum alifunga mabegi.

"Dada, ameokoa miguu yangu," alisema Mudrick, jicho likiwa limevimba na kuziba. "Nani mwingine angetia mkono pale?"

"Nimeona."

"Na mimi ndiye niliyemchokoza. Utani wetu wa siku zote."

"Nimeona na kilichotangulia, Mudrick. Beba hilo begi."

Ikram alimwamkia baba yake kwa mbali, akatoka. Shaibu hakumwita mtu. Geti lilipofungwa, alipiga magoti kwenye kisiki cha nguzo, akakichoma kwa kidole cha mkono uliobaki mzima. Kidole kikazama chote. Ndani mlikuwa na unga mtupu.