Shimo Zuri Mahali Pabaya

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya kuongoza wapanda milima, sikuiona theluji. Nilipewa kamba zilizoota ukungu nizianike nje ya ghala letu la Clairwood, Durban. Kwa kuwa nilitoka Moshi, watu walidhani theluji naijua. Sikuwahi kuigusa. Niliona haya kusema, nikajifundisha kwa siri kutoka kitabu chakavu cha waongozaji, na mazoezi nikafanyia barafu ya friza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Kiongozi Mkuu, Mkongomani tuliyemwita Shefu, alinipandisha cheo kuwa mpimaji wa theluji. Theluji ya kwanza ilipoanguka kwenye milima ya Drakensberg, mpimaji alitangulia kuona kama mteremko ni salama. Unachimba hadi kwenye nyasi, unanyoosha ukuta wa shimo, unasoma matabaka. Kila tabaka unalisukuma kwa ngumi. Isipoingia, kwa vidole vinne, kisha kimoja, kisha penseli; ngumi ikizama, tabaka ni dhaifu. Theluji ya mwanzo wa msimu hudanganya: juu tabaka gumu lililoshindiliwa na upepo, chini yake chembe zisizoshikana, kama sukari. Zikiteleza, mteremko mzima unaporomoka.

Nakiri, ukuta uliopinda ulininyima raha. Msimu huo nilichimba karibu na kambi, penye kinga, kwa sababu huko kuta zilisimama wima. Nikaandika kwenye ripoti: salama.

Kesho yake Shefu aliongoza wateja sita kuelekea korongoni, njia yetu ya kupandia, mimi nikiwa nyuma. Tulipofika chini ya korongo hilo, theluji ilitoa mshindo mzito chini ya buti zangu, kama gunia lililotupwa sakafuni, na ufa mwembamba ukakimbia mbele. Nilijua maana yake: ile sukari ya chini imebonyea. Nilijua pia kwamba nikisema, cheo cha wiki tatu kimekwisha.

"Shefu, simama. Ripoti yangu ni mbaya."

"Mbaya namna gani, petit, mdogo wangu? Shimo yako iko mzuri kama kaburi ya tajiri."

"Nilichimba kambini. Kule hakuna upepo; huku ndiko umeirundika theluji."

"Na huku, juu ya nini hukuchimba?"

"Kuta zilikuwa zinabomoka."

Akawageukia wateja. "Tunashuka. Mmoja mmoja, muachiane nafasi."

Walipofika chini salama, alinifunga kamba akanichimbisha ukingoni mwa korongo. Ukuta ulinimwagikia magotini.

"Acha kunyoosha. Soma."

Ngumi yangu ilizama yote kwenye ile sukari. Nikafuta neno "salama" kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwuliza kama nirudi ghalani kuanika kamba.

"Eish, hapana. Utazipanga kwa rangi, tutachelewa safari."

Sasa nimestaafu. Nilipima misimu mingi, na nasema kwa fahari kwamba hakuna mteja wangu aliyefukiwa. Ninyi mnaoanza, chimbeni pale mnapokusudia kupita, hata ukuta ukiwaaibisha. Wasiwasi wangu haukuisha kamwe. Niliuhamishia korongoni, ambako ulikuwa na kazi ya kufanya.