Makohozi ya Kuazima

Ipo asubuhi moja ya baridi ambayo naikumbuka hadi leo, mwanangu, kila nikisikia mtu anakohoa kanisani. Nilikuwa kijana, muuza ndizi wa Majengo, niliyezoea kubishana bei mpaka mwenye mzigo anachoka. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tukiitana ndugu hata tukigombana.

Kifua kikuu kilinilaza katika wodi moja huku mlimani. Hakikuwa kile cha kawaida. Sindano na vidonge vilivyowaponya wenzetu, kwetu sisi wa wodi hiyo vilishindwa. Daktari akatukalisha, akatueleza kwamba zipo dawa mbili mpya na bado haijulikani ipi ni bora. Nani atapewa ipi, itaamuliwa kwa kura ya bahati. Anayekubali aingie kwenye majaribio, asiyetaka aendelee kutibiwa kama kawaida, na hakuna atakayemnunia. Nilimfuata pembeni nikamwomba anipe ile bora.

"Ningekuwa naijua," akasema, "nisingewaita."

Biashara yangu na daktari ikaishia hapo.

Kila baada ya muda tulipewa vikopo, tukakohoa, makohozi yakapelekwa kupimwa. Yangu yalianza kurudi safi. Ya jirani yangu wa kitanda, Aminieli, mkulima wa kahawa kutoka Machame, yaligoma. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike yeye akiwa humo wodini. Siku za kutazama wagonjwa, mama yule alisimama nje ya dirisha akamnyanyua mtoto, na Aminieli alimtazama kupitia kioo, kiganja kimeziba mdomo.

Basi asubuhi hiyo vikopo vimeshagawiwa, akaja akakaa kitandani kwangu.

"Ndugu yangu, nikoholee kwenye changu."

"Unaumwa kichwa pia?"

"Yako ni safi. Wakiona safi wataniruhusu nikambatize mwanangu. Nitakupa mbuzi."

Mwanangu, mtu wa soko hata akiugua ni mtu wa soko. Nikauliza, "Jike au dume?"

"Jike. Na ana mimba."

"Hiyo mimba nimeiona wapi?"

Tulikuwa hapo, nusu mzaha nusu kweli, Mzee Protasi wa Uru alipogeuka kwenye kitanda cha pili. Alikuwa haongei sana, maana pumzi yenyewe aliipata kwa shida.

"Aminieli, huyo mtoto utambeba?"

"Nitambeba, mzee."

"Usiku atalala wapi?"

Aminieli akageukia dirisha.

"Sisi watu wazima dawa zimetushinda. Ukimpa ugonjwa huu yule mchanga, utampeleka kwa daktari gani?" Akapumzika, kisha akanigeukia. "Na wewe unayenunua mbuzi. Daktari akipima yako akidhani ni ya huyu, atasema dawa ya huyu inaponya. Kesho atawamezesha watoto wa nani?"

Aminieli aliinuka, akachukua kikopo chake, akatoka nje. Tulimsikia akikohoa, peke yake, kwa muda mrefu.

Mtoto alibatizwa baba akiwa wodini. Makohozi ya Aminieli yalionyesha kwamba dawa ile haimsaidii. Wakambadilishia, lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika. Alifariki kabla ya masika. Baadaye daktari alisimama katikati ya wodi akatuambia kwamba Aminieli na wengine waliokuwa kama yeye ndio waliowaonyesha madaktari ukweli: dawa ile imeachwa, na waliokuwa wakiimeza wanahamishiwa nyingine. Binti wa Aminieli alikua bila kujua kifua kikuu ni nini.

Mwanangu, huenda siku moja na wewe ukaombwa uingie katika majaribio ya namna hiyo. Uliza. Uliza tena, mpaka wakuone msumbufu. Mwili ni wako. Ukikataa, si aibu. Ukitaka kutoka katikati, sema, utoke mchana kweupe. Lakini ukishakubali, toa kilicho chako, kizuri au kibaya. Umesahau dawa, sema umesahau. Umeitapika, sema. Ukidanganya kidogo tu ili uwahi nyumbani, uongo huo utaandikiwa mgonjwa usiyemjua, naye ataumeza akidhani ni dawa.

Mungu akulindie pumzi yako, akakupe watoto wa kuwakumbatia bila woga.